Saini ya Mfanyakazi Haimlindi Mwajiri

Waajiri wengi wa Ulaya wakisikia GDPR, yaani sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, hukimbilia fomu ya ridhaa. Mfanyakazi atie saini siku ya kwanza, mambo yaishe. Kosa huanzia hapo. Ridhaa sharti itolewe kwa hiari, na anayekutegemea kwa mshahara ana hiari gani? Mwaka 2019 mamlaka ya Ugiriki ya kulinda taarifa iliitoza PwC, kampuni ya ukaguzi wa hesabu, faini ya euro 150,000 kwa kuegemea ridhaa ya wafanyakazi pasipostahili. Tena ridhaa hufutwa wakati wowote. Akiifuta kesho, mshahara wake utaulipaje?

Afadhali uandike msingi wa kisheria wa kila taarifa unayoikusanya. Akaunti ya benki: mkataba wa kazi. Kodi: wajibu wa kisheria. Kamera ya ghala: maslahi halali ya mwajiri, ila hapo uandike pia unalinda nini na kwa nini njia nyepesi zaidi haitoshi. Isiyo na msingi, ifute.

Taarifa za afya zina ulinzi wa juu zaidi. Mpanga zamu anahitaji kujua mtu hayupo hadi lini. Anaumwa nini, hayamhusu. Kampuni ya mavazi ya H&M ilitozwa faini ya euro milioni 35.3 huko Hamburg, Ujerumani, Oktoba 2020, kwa sababu wakubwa wa kituo chake cha Nürnberg waliandika magonjwa, mambo ya kifamilia na hata imani za dini za walio chini yao, mengine yakitoka kwenye soga za kawaida tu. Yalifichuka mwaka 2019, mfumo ulipokosewa mpangilio na kumbukumbu hizo zikaonekana kampuni nzima kwa saa kadhaa.

Kinachochosha kuliko vyote ni ombi la mfanyakazi kupewa nakala ya taarifa zake, ambalo mara nyingi huja wakati wa ugomvi wa kuachishwa kazi. Una mwezi mmoja. Likiwa gumu unaongeza miwili, mradi umjulishe kabla ule wa kwanza haujaisha. Pekua mfumo wa mishahara, barua pepe, kadi za mlango, kamera, na yale mafaili ya Excel kwenye kompyuta za mameneja, ambayo ndiyo husahaulika. Meneja aliyemsengenya kwenye soga za kazini za Teams naye ajiandae: hayo nayo ni taarifa za mwombaji. Taarifa za wenzake zizibe inapobidi.

Kazi hii hupungua kwa kufuta mapema, kila aina ya taarifa ikiwa na tarehe yake ya mwisho. Lakini ombi likishaingia, usifute chochote kinachomhusu mwombaji.