Re: Bolt au Kipchoge, nani namba moja 2010 hadi 2019?

Mambo vipi mkuu. Unapanga listi ya wanamichezo bora wa 2010 hadi 2019 na umekwama nani akae juu, Bolt wa mbio fupi au Kipchoge wa marathon, na naona Bolt umempa pointi za ile rekodi ya sekunde 9.58 za mita 100. Anza na tarehe kwanza, ile alikimbia Berlin Agosti 2009, haimo kwenye miaka hiyo. Hata mimi iliwahi kuniponyoka nikafuta listi nzima. Anabaki na dhahabu za Olimpiki za London 2012 na Rio 2016, mita 100, 200 na kupokezana vijiti, sio haba hata kidogo. Kipchoge mhesabie marathon ya saa 2:01:39 ya Berlin 2018, ile 1:59:40 ya Vienna sio rekodi rasmi, kulikuwa na watu wanabadilishana kumkinga upepo. Mimi nampa Bolt. Makocha watengee listi yao, Zidane aliyebeba Ligi ya Mabingwa Ulaya tatu mfululizo akiwa kocha wa Real Madrid utampimaje na mkimbiaji? Hapo nilinyoosha mikono.