Ukifika Kochi, hamia upande wa maji

Wengi wetu tunaokwenda Kochi, katika jimbo la Kerala kusini-magharibi mwa India, tunapelekwa na matibabu. Mimi nilimsindikiza mama mdogo, na kati ya kliniki moja na nyingine tukawa na siku tele za kuzurura. Hospitali kubwa na hoteli zinazozihudumia ziko upande wa bara, Ernakulam, na msindikizaji mgeni huishia kuzunguka hapohapo: foleni ya magari, duka la simu, mgahawa wa chini ya hoteli, kitanda. Akirudi nyumbani anasema Kochi ni mji kama miji mingine. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: siku ambazo daktari hakuhitaji, hamia Fort Kochi, ng'ambo ya maji, na panga mizunguko yako kwa kufuata boti, si gari.

Kwanza tumalize ya makaratasi. Viza inaombwa mtandaoni, ila hakikisha uko kwenye tovuti ya serikali ya India yenyewe, maana zipo nyingi zinazofanana nayo ambazo ni za madalali. Mgonjwa ana viza yake ya matibabu, na wasindikizaji wasiozidi wawili wanaombewa ya kwao. Ukitoka Kenya, Uganda au nchi nyingine yenye homa ya manjano, cheti cha chanjo ni lazima, na kinaanza kutambulika siku 10 baada ya kudungwa sindano, kwa hiyo usingoje wiki ya safari. Beba pesa taslimu. Kule hata muuza madafu analipwa kwa kuskani msimbo wa simu, lakini mfumo ule umejengwa juu ya akaunti za benki za India, na mgeni mara nyingi hubaki ameshika simu yake tu.

Sasa maji. Kwa mapokeo ya wenyewe, mafuriko makubwa ya mwaka 1341 ndiyo yaliyoharibu bandari ya kale ya Muziris, kaskazini kidogo, na kuufungua mlango wa bahari wa Kochi. Baadaye Waingereza wakachimba mlango huo uingize meli kubwa, na mchanga uliotoka chini wakaujengea kisiwa kizima, Willingdon. Ndiyo maana mji umegawanyika vile: Ernakulam huku, Fort Kochi na Mattancherry kule, kisiwa cha Vypin upande mwingine, na katikati meli za mizigo zinapita. Kwa gari utazunguka madaraja na jua likuchome. Kwa boti ni dakika ishirini hivi.

Boti ziko za aina mbili. Kuna Water Metro, iliyoanza Aprili 2023, boti za betri zenye kiyoyozi na vioo vikubwa, safi kuliko daladala yoyote niliyowahi kupanda. Halafu kuna boti kuukuu za serikali ya jimbo, zenye madirisha wazi na injini inayotetemesha miguu. Zote nauli yake ni ndogo mno. Mama mdogo alijaribu ile mpya, akaisifu, kisha akadai turudi na ile kuukuu kwa sababu ya upepo. Nami nakubaliana naye, isipokuwa saa za watu kutoka kazini, ambapo utasimama umebanwa mpaka gatini.

Fort Kochi amka mapema. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla mabasi ya watalii hayajafika, nyavu za Kichina zinafanya kazi kwa ajili ya samaki, si kwa ajili ya picha. Ni mitambo mikubwa ya magogo iliyosimama ufukweni, wavu umetandazwa mbele, na kwa nyuma yananing'inia mawe yaliyofungwa kwenye kamba, moja chini ya jingine. Wavu unazamishwa, dakika chache zinapita, kisha wanaume wanne watano wanashika kamba na kuvuta kwa pamoja. Mawe yanashuka moja moja mpaka chini, wavu unapanda ukichuruzika maji, na mara nyingi ndani mna dagaa kiganja kimoja na kaa mmoja mwenye hasira. Kunguru wanafika kabla ya wavuvi. Watakualika uvute kamba nao, na ukishavuta utaombwa chochote. Hapana ubaya, mpe. Ila mkubaliane kabla. Kando yao wapo wauza samaki: unachagua samaki wako, unampeleka kwenye mgahawa wa karibu, wanakupikia. Pima bei kwa wauzaji wawili au watatu kwanza.

Usitegemee ufuo mweupe pale. Mtu wa Pwani atatazama mchanga ule na magugu maji yaliyosukumwa na mkondo, atasikitika. Ukitaka kuogelea nenda Cherai, ncha ya kaskazini ya Vypin, ukivuka kwa feri kisha basi. Kwenye mabasi, viti vya mbele ni vya kina mama, wanaume, msijisahaulishe.

Karibu na nyavu kuna kanisa la Mtakatifu Francis. Aliyesoma historia ya Malindi na aingie. Vasco da Gama, aliyepata rubani Malindi mwaka 1498 wa kumvusha mpaka Calicut, alifia Kochi usiku wa kuamkia Krismasi wa 1524 na kuzikwa humu, kabla mabaki yake hayajapelekwa Ureno. Jiwe la kaburi liko sakafuni, limezungushiwa uzio mdogo. Nilisimama pale nikiwafikiria watu wa Kilwa na Mombasa, ambao walikuwa na sababu zao za kutomlilia.

Mattancherry ni mwendo wa bajaji, na zimejaa tele. India ndiko zinakotengenezwa. Madereva wengine watakutajia bei ndogo ya kushangaza. Bei hiyo ina maduka mawili matatu ya mazulia ndani yake, maana dereva anapata chake kwa kila mgeni anayemfikisha. Ukitaka kwenda moja kwa moja, itisha gari kwa programu ya simu au sema mapema kwamba hakuna kusimama dukani.

Siku ya kwenda huko ichague vizuri. Kasri la Mattancherry, ambalo Wareno walimjengea mfalme wa Kochi na Wadachi wakalikarabati, hufungwa Ijumaa. Sinagogi la Paradesi, lililojengwa 1568, hufungwa Jumamosi, na Ijumaa huwahi kufunga. Kwa hiyo Jumapili hadi Alhamisi. Ndani ya sinagogi unavua viatu na kukanyaga vigae vya China vilivyochorwa kwa mkono kwa rangi ya buluu. Wayahudi wa mtaa ule karibu wote walihamia Israel. Yaliyobaki ni maduka na majina juu ya milango.

Chakula hakitakusumbua. Wanapika kwa mafuta ya nazi na tui, wanakula kwa mkono wa kulia, na tofauti na majimbo mengi ya India, nyama ya ng'ombe ipo. Waislamu ni wengi, halali haitafutwi kwa tochi. Asubuhi agiza appam, ya unga wa mchele na nazi uliochachushwa, nene katikati na kingo zake nyembamba zinazovunjika, kwa mchuzi mweupe wa tui. Mchana muulizie karimeen, samaki wa maji ya chumvichumvi, anayepakwa viungo, akafungwa kwenye jani la mgomba na kukaangwa humohumo. Utaletewa pia maji ya uvuguvugu yenye rangi ya waridi. Si machafu: yamechemshwa na vipande vya mti uitwao pathimugam. Mama mdogo aliyasukuma pembeni siku ya kwanza. Baadaye akawa anayaulizia kabla ya menyu.

Kuhusu majira, Desemba hadi Februari ndiyo miezi mizuri. Mwanzoni mwa Juni kusi linafika Kerala na mvua zisizo na mzaha, na mwezi Agosti 2018 mafuriko yaliufunga uwanja wa ndege wa Kochi kwa karibu wiki mbili. Kama tarehe ya upasuaji imeangukia Julai, nenda tu, lakini safari za mbali ziache.

Na hata kiangazi, usizirundike safari za mbali. Munnar, kwenye mashamba ya chai, ni kilomita 130 hivi tu, ila barabara ya mlimani inakula saa nne au zaidi, na mgonjwa aliyetoka kufunguliwa mshono hawezi zile kona. Ukienda, lala huko, na beba sweta. Sisi tulichagua Alappuzha, kilomita hamsini na kitu kusini, kama saa moja kwa treni. Pale kuna mifereji na ziwa Vembanad, na mashamba ya mpunga ya Kuttanad yaliyo chini ya usawa wa bahari, kiasi kwamba ukiwa botini unawatazama wakulima kwa chini, nyuma ya ukingo.

Watu hukimbilia boti za kulala, zile zenye paa la makuti na vyumba. Nilipanda moja nikaishika mbao: zimeunganishwa kwa kamba ya usumba wa nazi bila misumari, kazi ileile ya mtepe wa Lamu. Ni nzuri, lakini ni ghali, na jua likikaribia kuzama lazima zifungwe kwa sababu wavuvi wanatega nyavu zao usiku. Kwa hiyo unalipia usiku mzima wa kukaa ukingoni. Uliza pia kiyoyozi kinawashwa saa ngapi. Kwenye nyingi ni usiku tu. Kama bajeti ni finyu, kodi mtumbwi asubuhi kwa muda wa saa tatu, unaoingia kwenye mifereji myembamba ambako boti kubwa hazipiti, au panda boti ya abiria ya serikali kwenda Kottayam, ukae na wanafunzi na kina mama wenye vikapu. Sisi tulifanya hivyo, na mama mdogo akafika na namba ya simu ya shoga mpya ambaye hawakuwa na lugha moja ya kuzungumza.

Manunuzi yaache mwisho. Viungo vya Mattancherry vizuri ni pilipili manga na iliki. Karafuu usihangaike nayo, India yenyewe hununua za kwetu. Iliki inauzwa kwa ukubwa wa punje, ile ya milimita nane ndiyo ya juu. Omba punje moja, ipasue: mbegu ziwe nyeusi na zinate kidogo kidoleni. Zikiwa kahawia na kavu, ni za msimu uliopita, nenda duka la pili. Wakufungie kwa mashine ya kutoa hewa, na uweke kwenye begi la kupakia, si la mkononi.