Maswali na Majibu ya Ufundi: PS inayozima katikati ya mechi

Habari za kazi, mafundi. Nina kibanda cha gemu hapa Chikongola, Mtwara, chenye PS4 (PlayStation 4) nne. Asubuhi zinacheza bila shida. Ikifika saa nane mchana feni zinaanza kuunguruma, halafu moja inatoa ujumbe kwamba imepata joto kupita kiasi na kuzima. Nimezifungia kwenye makasha ya mbao yenye kufuli kwa kuogopa wezi. Kuna fundi anasema chipu imeachia, lazima ichomwe upya. Nimpe?
*Mwenye kibanda, Chikongola*

Usimpe kwanza, ndugu yetu. Chipu iliyoachia mazabodi, yaani bodi kuu ya mashine, mara nyingi hugoma hata asubuhi mashine ikiwa baridi. Hizo zako zinafuata jua, kwa hiyo anza na hewa.

Mwongozo wa PS4 unataka chumba kiwe kati ya nyuzijoto 5 na 35. Chini ya bati lisilo na dari, mchana wa Desemba hapo Mtwara, hewa ya ndani hupita 35 bila taabu, na hapo bado hujafunga mlango wa kasha. PS4 huvuta hewa kwa ubavuni na kuitoa nyuma. Kasha likiwa limezibwa nyuma, hewa ya moto inagonga mbao, inazunguka, inaingia tena ubavuni. Feni inaongeza kasi, lakini inachosukuma ni joto lilelile.

Fanya jaribio lisilo na gharama. Saa nane hiyohiyo, itoe mashine inayosumbua, iweke juu ya meza tupu, acha sentimita 10 au zaidi kila upande, cheza gemu lilelile kwa saa nzima. Isipozima, mkosaji ni kasha. Ng'oa ubao wa nyuma na wa ubavuni, weka wavu wa chuma. Kufuli lako litabaki palepale. Usizipange moja juu ya nyingine, wala usiziweke sakafuni zikafagiliwa vumbi. Ukiwa na feni ya mezani, ielekeze ubavuni mwa mashine. Wengi huielekeza nyuma wakidhani wanasaidia, kumbe wanairudisha ndani hewa ambayo mashine inahangaika kuitoa. Na dari, hata la plaiwudi juu ya upande wa mashine tu, litakusaidia kuliko feni mbili.

Ikizima hata mezani, ni vumbi. Chomoa waya wa umeme, subiri ipoe. PS4 za mwanzo, zile nene, zina skrubu nne nyuma, nyingine zimefichwa chini ya vibandiko. Utahitaji bisibisi ya Torx T8, yenye ncha ya nyota na tundu katikati. Ukishatoa kava la chini utakuta pawasaplai, kile kisanduku kinacholisha mashine umeme. Itoe kwa kuinyanyua wima, taratibu, maana chini kuna kijiwaya chembamba kinachokatika upesi. Hitisinki, kile chuma chenye mapezi kinachopoza chipu, iko chini yake. Vumbi unaloliona kwenye mapanga ya feni si kitu. Linaloua mashine ni lile lililojibana kati ya mapezi ya hitisinki, mahali feni inapotolea hewa. Litoe kwa brashi laini ya rangi na kipulizi cha mkono. Shikilia feni kwa kidole unapopuliza, kwa sababu ikizungushwa kwa nguvu inazalisha umeme unaoweza kurudi kwenye bodi. Na tafadhali, si ile mashine ya upepo ya wajaza matairi: inatema maji na mafuta.

Baada ya usafi, ikiunguruma tena ndani ya dakika chache, pesti ya joto kati ya chipu na hitisinki imekauka. Futa ya zamani kwa pamba na spiriti mpaka chipu ing'ae. Weka mpya kiasi cha punje moja ya mbaazi, katikati. Kibano cha hitisinki kina skrubu mbili: kaza hii nusu, ile nusu, urudie, ili kigandamize sawasawa. Kuzidisha pesti hakuongezi baridi, na dawa ya meno au grisi ya baiskeli havina kazi hapo. Vile vipande laini vilivyolala juu ya chipu ndogo vitunze. Virudishe kila kimoja mahali pake.

Sasa hilo la kuchoma. Sifa yake ilivuma enzi za Xbox 360, mashine iliyotoka 2005 na kujulikana kwa taa tatu nyekundu. Viungo vya chipu vilikuwa vinapasuka kwa kupata moto na kupoa, kupata moto na kupoa, hadi Microsoft mwezi Julai 2007 ikaongeza dhamana kuwa miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni 1. Ukiipiga hoti eya, yaani kipulizi cha hewa ya moto, mashine ya aina hiyo huwaka, mteja hulipa na kuondoka anacheka, kisha baada ya muda inarudi imekufa vilevile. Kwa PS4 ambayo bado inawaka kila asubuhi, kuchoma ni kuitafutia ugonjwa ambao haina.

Mafundi, PS4 Slim yangu haijawahi kupata moto. Juzi nimeiwasha, taa ya bluu imetokea kama sekunde moja, ikazima. Naishi Mikindani, bahari naiona dirishani. Ni joto?
*Msomaji, Mikindani*

Siyo. Joto linahitaji muda: mashine huwaka, hucheza, ndipo izime. Inayokata sekunde ileile ina shoti, au pawasaplai yake imechoka.

Chomeka moja kwa moja ukutani, si kwenye ekstensheni, tena kwa waya mwingine. Chomoa HDMI na kila kilichoko kwenye USB. Chomoa na diski kuu, ujaribu kuwasha bila hiyo. Ikibaki imewaka, diski au hicho kifaa kingine ndicho kilichoivuta chini. Ikizima tena, fungua.

Kwa nyumba ya hapo kwenu tungetazama vitu viwili. Cha kwanza ni chumvi. Hewa ya bahari huacha chumvi kwenye bodi, chumvi inavuta unyevu, na miguu ya vijipande inaota ukungu wa kijani. Isugue kwa mswaki laini na spiriti aina ya isopropili ya asilimia 99. Ile ya asilimia 70 ina maji mengi, na ukilazimika kuitumia acha bodi ikauke siku nzima. Cha pili ni mende. Wanapenda joto na giza, wanaingia kwenye pawasaplai, na kinyesi chao kinatosha kupiga shoti. Ukikuta mayai, usiishie kusafisha mashine. Piga dawa kabati zima.

Pawasaplai yenyewe usiifungue. Kapasita yake kubwa hubaki na zaidi ya volti 300 hata waya ukiwa umechomolewa. Nunua nyingine, lakini soma namba iliyoandikwa juu yake na uhesabu pini, kwa sababu za PS4 haziingiliani zote.

Kifuniko cha kitambaa ni kizuri mashine ikiwa imezimwa na imepoa. Nailoni hapana, inafungia unyevu ndani. Na ikitoka kwenye chumba cha kiyoyozi kuja sebuleni, iache saa moja au mbili kabla ya kuiwasha, maana hewa yenye unyevu ikikuta chuma cha baridi hufanya matone.

Wanangu mafundi, mjukuu wangu hapa Lindi mjini analia na gemu lake. Umeme ulikatika na kurudi mara kadhaa jioni moja, na tangu siku hiyo linaganda katikati ya mchezo na kuandika CE-34878-0. Nimemwambia ni joto, alipumzishe. Nimekosea?
*Bibi yake, Lindi*

Shikamoo bibi. Kulipumzisha hakujaharibu kitu, ila hapo tunalishuku diski kuu zaidi ya joto. Namba hiyo inasema tu kwamba gemu limeanguka, haitaji sababu. Lakini PS4 nyingi zina diski inayozunguka, na umeme ukikatika katikati ya kuandika, mafaili yanavurugika.

Mwambie mjukuu afanye hivi. Azime kabisa, kisha abonyeze swichi ya kuwashia bila kuiachia mpaka asikie mlio wa pili, kama sekunde saba hivi. Aunganishe pedi kwa waya. Kwenye orodha itakayotokea achague namba 5, inayopanga upya hifadhidata. Haifuti gemu wala sevu zake. Namba 6 na 7 asiziguse, hizo zinafuta.

Likiendelea kuganda, au akisikia diski inagonga tik-tik, wabadilishe. Inatakiwa ya inchi 2.5, unene usiozidi milimita 9.5, kuanzia GB 160. SSD ni bora na haina cha kuzunguka. Programu ya mfumo, ile kamili ya kusakinisha na si ya kusasisha, inapakuliwa kwenye tovuti ya PlayStation na kuwekwa kwenye fleshi: folda PS4, ndani yake folda UPDATE, ndani yake faili PS4UPDATE.PUP, herufi kubwa zote. Baada ya hapo ndipo namba 7 ina kazi.

Kisha nunueni gadi kama ile ya friji, inayochelewesha umeme dakika chache baada ya kurudi. Gadi haizuii kukatika. Kwa hilo inahitajika UPS, kile kisanduku chenye betri ya akiba. Ndogo ya VA 650 inatosha kumpa nafasi ya kusevu na kuzima vizuri, si kumalizia mechi.

Nimeletewa Xbox 360 kutoka Marekani. Nimechomeka hapa Newala, ikapiga "pa!" na harufu ya kuungua. Ndiyo basi?
*Msomaji, Newala*

Pengine si basi. Soma kibandiko cha lile tofali la umeme, kile kiboksi kizito cha kwenye waya: la Marekani linasema volti 100 hadi 127, na ukutani kwako ziko 230. Tofali ndilo lililokufa, na mara nyingi linakufa likiwa limeikinga mashine. Tafuta la volti 220 hadi 240 lenye plagi ileile upande wa Xbox, kwani plagi zilibadilika toleo kwa toleo. Usilichomeke lile la zamani tena.

PS5 yangu ina mwaka na nusu, na vumbi la Masasi mnalijua. Nibadilishe pesti kabla haijaharibika?
*Msomaji, Masasi*

Hapana, kaka. Kwenye chipu ya PS5 hakuna pesti, kuna metali ya maji. Inapitisha umeme, tone moja likimwagikia bodi umepata shoti ya kudumu, na pesti ya kawaida haiwezi kuchukua nafasi yake. Zima mashine, chomoa waya, vua makava mawili makubwa ya nje, ambayo kwa matoleo ya mwanzo hayana hata skrubu. Utaona matundu yaliyotengenezwa kukusanya vumbi. Yanyonye kwa mashine ya kufyonza vumbi, pitisha brashi kwenye feni huku umeishika isizunguke, rudisha makava. Kwa vumbi la huko, rudia kila baada ya miezi miwili au mitatu ya kiangazi, na mashine ikae juu ya meza, mbali na mlango.