Ganzi Inayoisha Mtu Akikaa

SWALI: Mama yangu ana umri wa miaka 72 na aliambiwa zamani kuwa pingili za mgongo wake zimesagika. Siku hizi akitembea dakika kumi hivi, miguu yote miwili hufa ganzi kuanzia matakoni hadi nyayoni, na hupata nafuu akikaa. Cha ajabu ni kwamba akisukuma kigari cha mjukuu wake hufika mbali bila taabu. Je, damu haifiki miguuni, au ni uzee tu?

JIBU: Hicho kigari ulichokitaja mwishoni ndicho kinachotueleza mengi. Anayekisukuma huinama mbele kidogo bila kujua, na mgongo ukiinama, mfereji unaopitisha mishipa ya fahamu hupanuka. Akisimama wima au akiteremka mlima, mfereji huo hubana. Katika yabisi ya uti wa mgongo, yaani kusagika huko kwa pingili, mifupa huota vinundu, diski (vitenganishi laini vilivyo kati ya pingili) hubonyea na kano za ndani hunenepa, mara nyingi kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno, hata mishipa ya fahamu iendayo miguuni ikakosa nafasi.

Kama tatizo lingekuwa la mishipa ya damu, angepata nafuu kwa kusimama tu, bila kukaa wala kuinama, na aghalabu angelalamikia maumivu ya vigimbi. Hata hivyo, daktari apapase mapigo ya damu miguuni mwake, kwa kuwa mzee mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Apimwe pia sukari na vitamini B12, hasa kama anatumia dawa ya kisukari iitwayo metformin, ingawa ganzi ya kisukari kwa kawaida huanzia vidoleni, hupanda kama soksi na haiondoki kwa kukaa. Uzee peke yake si jibu, na anayelitoa hajamchunguza mgonjwa.

Wengi husaidiwa na mazoezi ya fiziotherapia ya kuimarisha tumbo na nyonga, pamoja na kutembea kwa vipindi vifupi. Baiskeli ya mazoezi huwafaa kwa sababu ileile ya kuinama. Dawa za maumivu kama diclofenac zisinunuliwe kiholela, kwani katika umri huo huweza kudhuru figo na tumbo. Upasuaji wa kupanua mfereji hufikiriwa pale mwendo unapozidi kufupika, baada ya picha ya MRI. Na msimkande kwa maji ya moto sana: mguu wenye ganzi huweza kuungua bila mwenyewe kuhisi.

Lakini ganzi ikihamia sehemu za siri, mkojo ukikataa kutoka, choo kikimponyoka au wayo ukianza kuburuta ghafla, msingoje siku ya kliniki. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane.