Rudi Pale Pale: Nilivyoipata Kanga Yangu Ndani ya Maji ya Jambiani

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia ujumbe ambao nimeusoma mara nne. Anasema alikwenda Kigamboni, akakaa ufukweni siku mbili nzima, akapiga picha mia tatu na kitu, kisha akarudi nyumbani na kuketi mbele ya karatasi achore kanga. Hakuna kilichokuja. "Dada, wewe ulifanyaje? Mimi bahari niliiona, lakini haikunipa kitu."

Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikafuta. Jambo hili nimeliishi na limeniliza, siwezi kulimaliza kwa mistari miwili.

Kwa wasionifahamu: nachora kanga. Nachora pindo (ukingo unaoizunguka), mji (sehemu ya katikati) na jina (maneno yake), kisha naupeleka mchoro kwa wafanyabiashara wanaochapisha. Mwezi huu kanga ya kwanza iliyotoka kichwani mwangu mwenyewe imeingia madukani Mtaa wa Uhuru, na aliyeichapisha ameshaagiza tena. Siku ya kwanza nilisimama upande wa pili wa barabara nikitazama. Mama mmoja aliikunjua doti, akaipima mgongoni kwa binti yake, akarudi nyuma hatua mbili kuiangalia, akalipa. Sikumsogelea. Nilitembea hadi kituo cha daladala, nikakaa, nikalia. Nasema haya bila aibu kwa sababu nimeyafanyia kazi.

Mwaka juzi nilibeba michoro kumi na mmoja kwa mzee mmoja mwenye duka, ambaye simtaji. Aliitandaza mezani, akaipitia kwa dakika ambazo hazikufika tano, akaisukuma pembeni kwa kiganja. "Binti, hizi zote nimeshaziona." Basi. Akamwita mteja mwingine. Nilipofika nyumbani niliitandaza sakafuni nikitafuta mahali alipokosea, na nilichokuta ndicho kilichoniumiza: hakukosea. Korosho zilikuwa zile zile tunazozijua tangu utotoni, maua nilikuwa nimeyatoa kwenye picha za watu mtandaoni, na tausi wangu alikuwa wa mwenzangu niliyembadilisha rangi tu. Nilikaa miezi minane bila kushika penseli. Nikawa nashona vitenge vya watu ili nilipe kodi. Mpaka leo nikipita mbele ya duka lile tumbo hunikaza.

Aliyenitoa humo ni mdogo wangu. Agosti alipata likizo, akaniambia, "Dada, twende Jambiani siku nne, mimi nalipa boti." Nilikwenda kupumzika, sikwenda kutafuta wazo. Nilichobeba ni simu tu, nayo ina mkwaruzo kwenye kona ya kioo.

Siku ya kwanza nilifanya kila anachofanya kila mtu. Jambiani iko pwani ya mashariki ya Unguja, kwa hiyo jua unalipata likichomoza kutoka baharini, saa kumi na mbili na nusu hivi wakati ule wa mwaka. Niliamka gizani. Nikapiga jua, nikapiga ngalawa zimelala ubavu, nikapiga mnazi ulioinamia maji na nyayo zangu mchangani. Picha 214. Usiku nilijilaza nikazipitia moja moja, na kabla sijafika ya hamsini nikaisikia sauti ya yule mzee, safari hii ikitoka kwenye simu yangu mwenyewe: hizi zote nimeshaziona.

Dada wa Kigamboni, hapo ndipo ulipo wewe sasa. Hukukosa kipaji. Ulipiga picha za bahari uliyokwenda nayo kichwani, na bahari yenyewe bado hujaitazama.

Siku ya pili nilichelewa kuamka kwa huzuni, na kuchelewa kule ndiko kulikonifungulia mlango. Ilikuwa bamvua, mwezi mpevu. Watu wa pwani wanajua: siku za bamvua maji hujaa alfajiri mno na tena alasiri, na hukupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi. Pwani ile ina mwamba wa matumbawe mbali huko mbele, na ndani yake maji ni kina kifupi. Yakitoka, unatembea mchangani karibu hadi kwenye mwamba. Sasa hesabu mwenyewe. Vitabu vyote na walimu wote wa picha wanakuambia piga alfajiri na jioni, jua likiwa chini, mwanga ukiwa laini. Saa nne mwanga ni mkali, kivuli ni kifupi, wapiga picha wako mezani wanakunywa chai. Na saa nne hiyo hiyo ndiyo wanawake wa Jambiani wanashuka pwani kwenye mashamba yao ya mwani. Anayefuata ushauri wa mwanga mzuri peke yake anaikosa kazi nzima ya mji ule.

Nikashuka nyuma yao. Bibi mmoja alikuwa ameinama, sketi imefungwa magotini, kanga kiunoni, kanga nyingine kichwani. Nikamwamkia, akaitikia vizuri. Kisha nikainua simu. Akageuza uso.

"Kila siku watu hutupiga picha, mwanangu. Wakimaliza wakenda zao." Hakusema kwa hasira. Akaninyooshea ncha ya kamba. "Shika hii."

Nikaiweka simu mkobani, nikashika kamba. Niliishika kwa saa mbili.

Acha nikueleze kazi ile, maana ndiyo iliyonipa kanga. Kamba ndefu inafungwa kati ya vijiti viwili vilivyopigiliwa mchangani. Juu ya kamba kuna vikamba vidogo vidogo wanavyoviita tai-tai, na kila tai-tai inashika kishina cha mwani. Kati ya kishina na kishina ni shubiri moja. Bibi alinipimia kwa mkono wake. Kamba inafuata kamba, zote sambamba, mpaka zinakuwa shamba. Baada ya wiki sita hivi mwani umenenepa, unavunwa, unaanikwa, unauzwa nje. Unga wake unaingia kwenye aiskrimu na dawa ya meno. Kilimo hiki cha kuuza kilianza Unguja mwaka 1989, na walioshikilia tangu siku hizo ni wanawake. Kuna aina inayoitwa kotonii, ambayo bei yake ni nzuri zaidi, lakini haistahimili maji ya moto, na maji yanazidi kupata moto. Iliyobaki kwa wingi ni spinosum, ngumu lakini ya bei ndogo. Bibi alikuwa akifunga spinosum, na kwenye kamba mbili za pembeni alikuwa anajaribu kotonii tena, kwa kuwa kipupwe kilikuwa hakijaisha.

Mgongo ulinichoma. Nikawa natazama chini tu, kwa kuwa huwezi kufunga tai-tai ukiwa unatazama upeo wa bahari. Na nilipotazama chini kwa muda wa kutosha, nikaliona pindo.

Lilikuwa pale chini ya miguu yangu. Mistari ya kamba sambamba, vishina vikirudiana kwa nafasi sawa, na chini yake, mchangani, kivuli cha kila kishina kimekaa pembeni kidogo ya kishina chenyewe. Juu ya yote, ule wavu wa mwanga ambao jua kali huuchora ndani ya maji ya kina kifupi. Jua la alfajiri haliuchori. Unaupata jua likiwa juu. Mwanga nilioambiwa miaka yote ni mbaya ndio ulionichorea.

Nikamwomba bibi ruhusa. Akanitazama, akatazama kamba niliyofunga, akasema, "Sasa piga. Mikono piga. Uso niachie." Nikapiga mikono, kamba, vivuli. Simu juu, kioo kikitazama chini moja kwa moja, hakuna upeo, hakuna anga. Picha tisa tu siku ile.

Ushauri wangu wote ninaoweza kukupa ni huu: rudi pale pale. Siku ya tatu mdogo wangu alikwenda kuogelea na kasa. Mimi nilirudi kwenye kamba ile ile. Maji yalikuwa yamechelewa kidogo kuliko jana yake, maana bamvua husogea kila siku, na upepo wa kusi ulikuwa unapiga. Uso wa maji ukavunjika, kamba zikaonekana zimepinda kama nyoka. Picha mbaya, ningesema zamani. Lakini mistari ile iliyopinda ndiyo iliyoliondoa pindo langu kwenye unyoofu wa rula. Siku ya nne upepo ulitulia nikarudi tena, na safari hiyo macho yalikuwa yamezoea, nikaona nilichokipita siku tatu bila kukiona: duara za mawe. Ziko nyingi upande wa nchi kavu wa mashamba. Wanawake hufukia makumbi ya nazi humo, wakayaacha miezi mingi mpaka yalainike, kisha huyafukua na kuyaponda wapate usumba wa kusokota kamba. Kila duara ina mwenyewe, na mwenyewe anaijua kwa mpangilio wa mawe yake. Duara ile iliyozungukwa na mistari ya kamba ikawa mji wa kanga yangu.

Ungekuwa na siku moja tu, ningekuambia rudi pale pale asubuhi na alasiri. Ungekuwa na saa moja, ningekuambia simama pale pale saa nzima. Vijana wenzangu, tumezoeshwa kukimbia. Tunafika mahali tukiwa tayari tunafikiria pa kwenda baadaye, tunapiga mia tatu ili tuchague moja, na hatuchagui hata hiyo. Tazama kitu kimoja mpaka kikuchoshe, halafu endelea kukitazama. Baada ya kuchoka ndipo kinaanza kusema.

Mambo ya simu ni machache. Futa kioo cha kamera kila mara, hewa ya bahari inaacha chumvi na picha inapata ukungu. Upindo wa kanga kavu unatosha. Kwenye jua kali gusa mahali peupe kwenye skrini, kisha shusha mwanga mpaka mchanga uache kung'aa, la sivyo wavu ule wa mwanga unapotea wote. Ukirudi nyumbani, ibadilishe picha iwe nyeusi na nyeupe kabla hujachora. Hili kwangu ni la lazima: picha ina rangi zisizohesabika, kanga yangu ina tatu, na kila rangi ninayoongeza ni gharama kwa mchapishaji. Rangi ikiondoka unabaki na umbo, na umbo ndilo linalochapika. Mimi nilizitoa picha ishirini na sita kwenye karatasi, ndogo ndogo, nikazibandika ukutani, nikaweka karatasi ya kupitishia mwanga juu ya moja moja na kufuata mistari kwa penseli. Nilichora pindo lile mara kumi na saba. Zile siku sizielezi, zilikuwa siku za kuchora na kufuta tu.

Jina sikulitafuta. Siku ya mwisho nilimwuliza bibi kama hachoki, umri ule, kushuka kila bamvua. Akasema, "Maji yakitoka, mie naingia." Akainama tena.

Nilipomaliza mchoro nilimpigia kupitia simu ya mjukuu wake, nikamwomba maneno yake. Tulizungumza bei kama watu wazima, tukakubaliana, na nilimlipa kutoka kwenye fedha ya kwanza niliyoipokea, kabla sijanunua hata rimu ya karatasi. Hapa nitasema kwa ukali kidogo, mnisamehe. Unapokwenda pwani ya watu ukachukua mikono yao, maneno yao na mashamba yao, ukarudi mjini ukayaita ubunifu wako, umefanya nini? Mimi niliumia kuambiwa kazi yangu imeshaonekana, na kweli nilikuwa nimewachukulia watu bila kuwauliza. Sirudii. Uliza jina la kitu. Omba. Shika kamba kabla hujashika simu. Na fedha ikiingia, mkumbuke aliyekufungulia.

Mchoro sikuupeleka kwa yule mzee. Niliupeleka duka la nne kutoka kwake. Mwenye duka, mama wa makamo, aliutazama kimya, akaweka kidole kwenye pindo, akauliza, "Hiki ni kitu gani?" Miaka yote ninayochora hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikamweleza mwani. Akaita mumewe aje aone.

Dada yangu wa Kigamboni, bamvua ijayo, mwezi mpevu au mwezi mchanga, shuka kwenye saa nne. Kwenu pia maji yatakuwa yametoka. Chagua hatua kumi za ufuo, usizivuke.

Doti ya kwanza kabisa nilimpelekea bibi mwenyewe Jambiani, Jumamosi iliyopita. Aliikunjua kibarazani, akalisoma jina kwa sauti, akacheka mpaka majirani wakatoka. Kisha akaacha kucheka. Akaliweka pindo juu ya goti, akapima kati ya kishina na kishina kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Hapa umebana, mwanangu. Mwani hautapata nafasi."

Nikatoa penseli mkobani. Akaweka kiganja chake juu ya karatasi, akanyoosha kidole gumba na kidole cha mwisho, nami nikaweka alama pande zote mbili. Oda ya pili inachapishwa kwa kipimo hicho, kimepunguzwa kikae kwenye kitambaa.