Drili ya betri: tundu kwanza, skrubu baadaye

Bawaba ya kwanza niliyofunga kwa drili ya betri iliharibu mlango wa mninga. Skrubu iliingia vizuri mpaka nusu, drili ikaanza kuguna, nikabana zaidi, mara "tak!" Kichwa kikakatika na kudondoka sakafuni, mwili wa skrubu umezama ndani ya mbao. Fundi seremala wa jirani alikuja, akakiokota kile kichwa, akaniuliza: "Mwanangu, ulitoboa kwanza?"

Sikuwa nimetoboa. Niliamini mashine yenye nguvu haihitaji tundu. Ikabidi bawaba isogezwe juu, na kile kipande cha chuma kimebaki humo mpaka leo.

Mbao zetu ngumu, yaani mninga, mkongo, mvule na mtiki, hazibonyei. Skrubu ikilazimishwa humo, ama mbao inapasuka ama skrubu inakatika. Kwa skrubu ya milimita 4 natumia biti ya milimita 3 kwenye mbao ngumu, na ya 2.5 kwenye msonobari. Kama huna uhakika, shika biti mbele ya skrubu, uitazame kwenye mwanga: biti ifiche kiini cha skrubu, lakini meno yaonekane pande zote mbili. Meno yakifichika, tundu litakuwa kubwa na skrubu haitashika kitu.

Kisha paka nta ya mshumaa kwenye meno. Wengi hupaka sabuni, nami nilipaka sana, ila sabuni huvuta unyevu, na kwetu Pwani chumvi ya hewani inatosha kabisa kuleta kutu. Kama skrubu ni za shaba, ingiza kwanza ya chuma ya saizi ileile, itoe, ndipo uweke ya shaba. Shaba ni laini, inakatika upesi.

Halafu tazama ile pete yenye namba nyuma ya mdomo wa drili. Watu wengi wanaiacha kwenye alama ya biti siku zote. Alama hiyo ni ya kutobolea. Kwa kufunga skrubu anza na namba ndogo, tuseme 5. Ukisikia "tra-tra-tra" kabla kichwa hakijalala sawa na mbao, panda namba moja moja. Mlio ule hauna ubaya wowote. Ni pete inaachia ili skrubu isikatike. Gia iwe 1, ile ya polepole, na mwili wako uwe nyuma ya drili, usukume kwa kunyooka. Biti ya kufungia skrubu ikirukaruka na kula kichwa cha skrubu, angalia kama inalingana nacho. PH2 na PZ2, alama zinazoandikwa kwenye biti hizo, zote zina msalaba, lakini kichwa cha PZ kina mistari minne midogo katikati ya mikono ya msalaba. Ukizichanganya, unaharibu biti na skrubu pia.

Ukutani ndiko watu wanakolia, hasa wakifunga fimbo za pazia. Tofali la saruji halina shida: biti ya ukuta ya milimita 6 kwa plagi (kile kipande cha plastiki cha kushikia skrubu ukutani) ya milimita 6, tundu liipite plagi kwa kama sentimita moja, utepe umefungwa kwenye biti kuonyesha kina. Anza bila alama ya nyundo mpaka pawe na kishimo, ndipo uweke nyundo. Vaa miwani. Toa vumbi lote kabla ya kuweka plagi, maana plagi iliyolalia vumbi inazunguka na skrubu.

Lakini juu ya dirisha, palepale unapotaka fimbo, kuna lenta. Hiyo ni zege yenye nondo. Drili ndogo italia, biti itakuwa nyekundu, na tundu halijafika sentimita mbili. Usiendelee kusukuma. Kwenye nyumba zetu nyingi lenta inazunguka nyumba nzima, kwa hiyo kusogea kulia au kushoto hakusaidii. Panda juu yake kama kuna mistari ya tofali, au umwite fundi mwenye drili nzito ya umeme ya kupigia zege. Ukiona unga unang'aa kama chuma, umefika kwenye nondo, sogeza tundu. Na usitoboe kamwe juu au chini ya soketi na swichi kwa mstari ulionyooka, kwa kuwa bomba la waya kwa kawaida limepita hapo.

Kuhusu kununua, usibabaishwe na maandishi ya 21V. Betri ya 18V ina seli tano zilizopangwa mfululizo, kila moja volti 3.6, zikijaa chaji kila moja hufika karibu 4.2, ndiyo hiyo 21. Ni betri ileile. Afadhali uulize kama drili inakuja na betri mbili, maana moja itakuishia ukiwa juu ya ngazi.

Betri iliyotoka kazini ina joto. Iache ipoe kabla ya kuichaji. Usiiache ndani ya gari juani. Na kila unapobadilisha biti, chomoa betri kwanza, hasa kama kuna watoto karibu, kwa sababu kubonyeza triga ndilo jambo la kwanza wanalotaka kufanya.