Namba ya "jiunge Freemason upate utajiri"

Ndugu uliyeuliza kama hiyo namba ya simu ya kujiunga Freemason upate utajiri ni ya kweli: matapeli hao, usitume hata mia ya "fomu". Kwenye loji halisi (tawi la Freemason) wewe ndiye unayelipa ada kila mwaka. Kikao chenyewe, mtu wa vijiweni angesinzia: aproni, kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita, kumpandisha mtu daraja, kisha chakula na mchango wa misaada. Mwanachama mpya huonyeshwa rula ya inchi 24 ili agawe saa za siku yake: ibada, kazi, kumsaidia mwenzake. Usiri upo, sikatai. Ila hayati Andy Chande, aliyewaongoza Freemason wa Afrika Mashariki, alijulikana waziwazi na wala hakujificha.